Dole Gumba Langoni

Ukurasa huu wa kwanza nimeuandika mara saba. Mara ya kwanza nilianza na ziwa, nikaichana karatasi kwa sababu ulikuwa uongo. Pale nilipokuwa nakaa, ziwa nililipa mgongo. Nililisikia na kulinusa, lakini nilichokiona kila asubuhi kilikuwa lango la bati la rangi ya kijani, benchi moja, na mstari wa wanawake na wanaume waliovaa mabuti meupe ya mpira, wakisubiri niwashike vidole.

Kiwanda kilikuwa cha minofu ya sangara, upande wa Igogo, mojawapo ya vile vilivyoota ufukweni mwa Mwanza miaka ile serikali ilipofungua milango ya biashara. Baba alikuwa ameachishwa kazi kwenye ghala la pamba la umma, na nyumbani kwetu Mabatini tulikuwa tukisikia redioni kila siku kwamba soko huria lina nafasi kwa kila mwenye ujuzi. Mimi ujuzi sikuwa nao. Nilimaliza darasa la saba, nikakosa nafasi ya sekondari, ikawa basi. Nilichokuwa nacho ni ule ugonjwa wa kutaka kila kitu kikae sawasawa. Nilikuwa nafua upya nguo zilizokwisha kufuliwa na mama. Nilijifundisha kupiga chapa kwa kuchora herufi za taipureta juu ya boksi la viatu, nikawa nagonga vidole pale bila sauti, na nikikosea naanza barua nzima upya, ingawa hakuna barua iliyokuwepo.

Siku moja, kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini pale Makoroboi, nilipata kijitabu kisicho na jalada kinachoeleza alama za vidole. Kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma kwa kamusi, neno baada ya neno, miezi mitatu. Kilisema mistari ya vidole ina aina kubwa tatu, nami nikazipa majina yangu mwenyewe: upinde, kitanzi na kisulisuli. Nikachukua alama za watu wote wa nyumbani kwa dawa ya viatu. Mwishowe baba akiniona nakuja na kijiko cha dawa ile na karatasi alikuwa anaficha mikono kwapani.

Niliposikia kwamba kiwanda kinatafuta karani wa lango anayejua mambo ya vidole, nilikwenda na kadi kumi za vidole vya ndugu na majirani. Afisa utumishi, mwanamume mkavu aliyependa kuongea huku akitazama kalamu yake, alizipanga mezani moja moja. Aliniuliza nimesomea wapi. Nikasema nyumbani. Akatazama tena zile kadi, jinsi kila alama ilivyokaa katikati ya mraba wake, akasema nianze Jumatatu.

Inabidi nieleze kwa nini walitaka vidole. Wafanyakazi wengi walikuwa vibarua, kila mmoja na kadi yenye jina lake. Lakini kadi moja ilivaliwa kama kanga ya nyumbani, na yeyote aliyeamka mzima. Mama akiuguliwa na mtoto, mdogo wake anakuja na kadi ileile, anakata minofu kutwa, na jioni hakuna anayehisi kuna aliyedanganywa. Watu waliona ni udugu. Wenye kiwanda waliona ni tundu, kwa sababu mabondo ya sangara, yale mafuko ya hewa ya tumboni ambayo wafanyabiashara waliyagombea kama dhahabu, yalikuwa yanapotea, na kila aliyeulizwa alisema siku hiyo hakuwa yeye. Basi ikaamuliwa kwamba anayepita langoni awe ni yeye kweli.

Utaratibu ulikuwa huu. Kila kibarua aliandikishwa kwenye kadi mbili zinazofanana, moja ikakaa kwenye sanduku langu, nyingine ofisini. Kadi ilikuwa imechapwa tayari: jina, meza anayofanyia kazi, na mraba wenye maneno *dole gumba la mkono wa kulia*. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja, *maelezo mengine*. Kila asubuhi mtu angebonyeza dole kwenye pedi ya wino, kisha kwenye karatasi ya siku, nami ningelinganisha na kadi kwa kioo cha kukuzia. Isipolingana, anasimama kando ukutani, ofisi inaulizwa. Akikataliwa asubuhi tatu, kadi inakatwa kwa mkasi na nafasi inachukuliwa na mmoja wa wale waliokuwa wakisubiri nje ya uzio. Nao walikuwa wengi, wengine wametoka Magu na mikeka yao.

Nilipenda kazi ile. Nasema hivyo kwa aibu, kwa sababu ya yanayokuja, lakini niliipenda kuliko kitu chochote nilichofanya kabla au baadaye. Nilipenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya ziwa ikiwa bado inapita chini ya lango, akina mama waliokuja kununua mapanki, mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu, wakipigana vikumbo vya utani nje, na mstari wa mabuti ukisogea. Nilipenda kwamba watu wote, wenye kiburi na wapole, walilazimika kunipa mkono. Jumapili, kanisani au sokoni Mabatini, tulitambuana kwa lile dole jeusi ambalo sabuni haikulisafisha, tukacheka kama watu wa dini moja.

Langoni nilikaa na mlinzi, mzee aliyewahi kupitia jeshi la kujenga taifa, ambaye wote tulimwita Afande. Nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya gwaride. Wiki ya tatu tuliletewa simu za upepo, nne, nzito kama tofali, kila moja na antena ya mpira na ala ya ngozi. Moja ya lango, moja ya ofisi, moja ya gatini, moja ya chumba cha barafu. Zote zilikuwa kwenye wimbi moja, ukisema neno wote wanalisikia. Fundi aliyezileta alitueleza kwamba huko ughaibuni wako mbioni kutengeneza kitu kidogo cha kushika mkononi, hakina waya, mtu anaweka kidole juu yake nacho kinajibu kama ni yeye au si yeye. Mimi nilikosa usingizi kwa furaha. Afande alifikiri kidogo akamwuliza fundi: "Na kikikosea, utamshitaki nani?"

Sasa lile nililofanya.

Tulipokuwa bado tunaandikisha, kabla simu za upepo hazijaja, alikuja mbele yangu mama mmoja wa makamo, mtu wa Ukerewe, mkataji wa minofu. Watoto wake walikuwa Nansio kwa bibi yao, yeye akipanga chumba Igogo na kuwaendea kwa meli kila alipopata siku mbili. Alikuwa na sifa kiwandani kwamba mfupa ukitoka kwenye kisu chake hauna nyama ya kumshibisha hata inzi. Dole gumba lake la kulia lilikuwa limefungwa kipande cha mpira wa baiskeli. Alikuwa mtu wa mashoto, kisu anakishika kushoto, kwa hiyo akijikata anajikata kulia.

Akasema limekatika juzi tu, akauliza kama alifungue. Afande akamwambia asinichafulie wino kwa damu, atoe la kushoto. Yule mama akasita. Kisha akaunyoosha mkono wa kushoto huku wa kulia ukishika kiwiko, kama anavyofanya mtu anayetaka kumheshimu mwenzake hata pale ambapo hana mkono mwingine wa kumpa, akasema, "Samahani kwa mkono huu, binti."

Nikalibonyeza. Likatoka kisulisuli kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, mistari inajizungusha hadi kitone cha kati bila kukatika. Kadi mbili, safi kama zimechapwa. Pale chini, kwenye *maelezo mengine*, nilitakiwa kuandika neno moja: kushoto. Lakini kalamu yangu asubuhi ile ilikuwa inavuja. Nilijiambia nitaandika nikipata kalamu nzuri, nisije nikaiharibu. Kesho yake kadi zake mbili zilikuwa zimeshatenganishwa, moja ofisini, moja kwangu, na kwenda kuomba ile ya ofisini kungemaanisha kueleza. Nikaliacha neno lile.

Simu za upepo zilipokuja, ukaguzi ukaanza rasmi. Afisa utumishi aliniita akasema, akiitazama kalamu yake, kwamba nikiumaliza mwezi bila kosa nitaandikiwa barua ya ajira ya kudumu. Karani wa kudumu, katika nyumba ambayo baba anashinda kutwa kwenye ngazi za mlango. Sitaki kulitumia hilo kama udhuru. Naliandika kwa sababu ndilo nililokuwa nalo kichwani.

Asubuhi ya kwanza ya ukaguzi yule mama alikuja na kidonda kimepona, kovu limekatiza dole kama njia ya ng'ombe. Akanipa mkono wa kulia, kama watu wote. Nikaweka kioo. Kwenye karatasi kilikuwa kitanzi chenye kovu. Kwenye kadi kilikuwa kisulisuli. Nikanyanyua simu ya upepo nikasema dole halilingani. Afisa akauliza kuna nini. Nikasema kuna kovu, ila na mistari pia ni mingine. Akasema basi si yeye, akae pembeni.

"Ni mimi," yule mama akasema. "Hapa nani hanijui?"

"Tunakujua sote," Afande akamjibu, kwa huruma kabisa. "Kadi ndiyo haikujui."

Nyuma yake mstari ulicheka. Mkataji mwenzake akamwuliza dole lake limeolewa wapi. Mwingine akasema huyo alimtuma dada yake kujiandikisha, sasa amejisahau. Naye akacheka kidogo pamoja nao, akaenda ukutani, akasimama pale na kisu chake kilichoviringishwa kwenye kitambaa, akitegemea kwamba jambo litanyooka baada ya dakika chache.

Wengi wameniuliza kwa nini hakusema: nijaribu wa kushoto. Yeye mwenyewe alinieleza baadaye. Kwanza alidhani kisu kimembadilisha dole. Pili, alipokuwa msichana alichapwa sana kwa mkono ule, shuleni na nyumbani, mpaka akajifunza kwamba kushoto ni kwa kazi na kulia ni kwa watu. Aliutoa mara moja kwa kuamriwa, akaomba radhi, akaona limekwisha. Hakuwahi kufikiri kwamba mkono ule ndio ulioandikwa kuwa yeye.

Lakini mimi nilijua. Ilikuwa saa nne, mstari umeisha, Afande ameenda kunywa uji. Nilitoa kadi yake kwenye sanduku nikaitazama, na kile kisulisuli kikanirudishia kila kitu: mpira wa baiskeli, kiwiko, kalamu inayovuja. Aliyekuwa ukutani aliniona nikiitazama. Alikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwangu. Nikairudisha kadi mahali pake, nikazisawazisha kingo za kadi zote kwa ncha za vidole, nikafunga sanduku.

Nimejaribu kuandika sababu mara nyingi. Iliyo karibu na ukweli ni hii: niliogopa mkato wa kalamu. Ningelazimika kukata neno *kulia* kwenye kadi mbili, niandike *kushoto*, niweke sahihi, na kusema kwenye simu ya upepo kwamba karani mwenye kadi safi kuliko zote amekosea. Nilijua vizuri kwamba kwenye mizani upande wa pili kuna mtu na watoto. Nilijua, na bado niliona mkato ule ni mkubwa kuliko yeye.

Siku ya pili akaja mapema, amelisugua dole kwa jiwe na mafuta. Kitanzi. Nilipaswa kusema maneno matatu tu, mama, lete kushoto. Badala yake nilimwambia labda kovu likipona vizuri. Alinishukuru. Alisimama ukutani mpaka adhuhuri. Kila mtu aliyepita alimweleza dawa yake, huyu ndimu, yule majivu, mwingine akamwambia awahi kwa mganga kwani dole limechezewa. Supavaiza wa ukataji akatoka mara moja kumtazama, akarudi ndani, na baadaye Afande akaniambia kwamba nafasi yake ya mwisho wa meza amepewa mtu mwingine.

Hilo lilimwumiza kuliko ukuta. Nafasi ya mwisho wa meza haikuwa ya kawaida. Wakataji walisimama wamebanana, wote kisu kulia, viwiko vikienda pamoja kama makasia. Mwenye mashoto akiwekwa katikati, kiwiko chake kinagongana na cha jirani kila pigo, na visu vile havikuwa vya mchezo. Pale ukingoni, kushoto kwake hakukuwa na mtu, alikata kwa raha. Alimwambia Afande, mimi nikisikia, kwamba kesho kadi ikikatwa atapanda meli ya mchana arudi Nansio, akaone kama kuna atakayempa jiko la kubanikia samaki. Hakulalamika. Alikuwa anapanga tu.

Asubuhi ya tatu alikuja na mzigo. Blanketi, sufuria mbili ndani ya ndoo, na begi la nguo. Alivipanga vizuri kando ya lango asimzuie mtu, akaingia kwenye mstari kama wengine. Mkasi ulikuwa mezani kwangu tangu alfajiri, ulioletwa kutoka ofisini kwenye bahasha. Zamu yake ilipofika hakuna aliyetania. Akatoa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko. Sikumshika. Nilichukua simu ya upepo nikabonyeza, kisha nikanyamaza, na ukimya wangu ukasikika kiwanda kizima kama mvumo wa nyuki.

"Lango, sema," afisa akasema. "Kama ni yule, leo ni ya tatu. Kata."

"Kadi ni ya kwake," nikasema. "Kosa ni langu. Siku ya kumwandikisha alikuwa na kidonda, nikachukua la kushoto. Sikuandika."

Sauti kutoka gatini, mtu wa boti ambaye sikuwahi hata kumwona sura, akasema kwa adabu ya kuudhi: "Lango, rudia. Huku hatukupata vizuri." Nikasikia watu wakicheka nyuma yake. Nikarudia. Nilirudia yote, neno kwa neno, nikiwa nimesimama, na machozi yakidondokea kwenye karatasi ya siku.

"Umejua lini?" afisa akauliza.

"Juzi."

"Juzi saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Akaachia kitufe. Yule mama alikuwa ananitazama. Afande naye aliuchukua mkasi akautia mfukoni, sijui kwa nini, labda alikosa la kufanya na mikono yake. Nikasema, mama, naomba wa kushoto. Akaubadilisha mkono, taratibu, ule wa kulia ukashika kiwiko, mbele ya watu wote. Wino, karatasi. Kisulisuli kile kile, mpaka kitone cha kati.

"Siku mbili, binti," akasema, si kwa sauti kubwa. "Nimesimama pale, unanitazama."

"Nisamehe, mama."

"Niandike kwanza nipite. Hayo mengine baadaye."

Nikakata *kulia*, nikaandika *kushoto*, nikaweka sahihi. Mkato ukatoka mbaya, umepinda. Akachukua kisu chake akaingia. Mzigo ulibaki langoni kutwa nzima, Afande akiulinda kama mali ya serikali, mpaka jioni alipouchukua na kurudi nao Igogo.

Barua ya ajira haikuja, na sikuitarajia. Afisa alisema, safari hii akinitazama mimi, kwamba kosa la kusahau angelisamehe, lakini sasa hajui kadi ipi kati ya zote ni ya kweli. Watu wote waliandikishwa upya na kijana mmoja wa kidato cha nne, mikono yote miwili. Kwa siku kadhaa akina mama walimnyooshea vidole vya kila namna, mmoja akavua buti akamwuliza kama leo anataka na la mguu. Mimi niliambiwa nichague, nyumbani au ndani kwa kibarua. Nikachagua ndani. Sikuweza kufikiria kumweleza baba akiwa ameketi pale ngazini.

Ndani nilianzishwa kwenye kuosha, kisha kung'oa ngozi. Kutoka pale nilimwona. Alikuwa amewekwa katikati ya meza, na kila pigo la tatu kiwiko chake kiligonga cha jirani. "Mashoto, unakata au unapigana?" walimwuliza. Akawa anasubiri wenzake wapige ndipo apige, hivyo akawa wa mwisho kumaliza kreti, yeye aliyekuwa wa kwanza. Nilikwenda kwa supavaiza nikamwomba amrudishe ukingoni. Alinijibu kwamba meza hazipangwi na watu waliofukuzwa langoni. Alikuwa na haki. Nikarudi kwenye ngozi zangu.

Na mimi, nikiwa nahesabu makosa yangu hata ndotoni, nilisubiri anitukane. Hakunitukana. Alinipita asubuhi na jioni akijibu salamu yangu kwa neno moja tu, na neno lile lilikuwa sahihi kabisa, halina pa kushika. Ilikuwa hivyo kwa majuma. Wakati wa chakula alikaa na wenzake kwenye makreti yaliyopinduliwa, mimi nikala peke yangu karibu na mabomba, nikijiambia kwamba ndivyo inavyostahili, na nikiona fahari ya siri kwamba ninaadhibiwa vizuri. Hata kwenye adhabu nilitaka niwe wa kwanza. Hilo nimelitambua nikiandika.

Nikapandishwa kwenye ukataji kwa sababu watu walipungua. Supavaiza alinipeleka ng'ambo ya meza, uso kwa uso na yule mama, nafasi ambayo hakuna aliyeitaka kwa vile kisu chake kilikuja kutoka upande usiotarajiwa. Sangara wa kwanza nilimharibu. Wa pili nilimharibu zaidi, kwa kuwa nilikuwa najaribu kuyarekebisha yale ya kwanza: nakata, narudi palepale, nasawazisha, mnofu unakuwa matambara. Nikamwona ameacha kazi yake, ananitazama mikono.

"Binti," akasema, "huyo alikufa jana ziwani. Usimwue tena."

Meza nzima ilicheka. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu niache lango. Akaninyooshea kisu chake juu ya samaki wake, polepole. Ingiza hapa nyuma ya pezi. Lala na mfupa. Usirudi. Hata ukikosea, usirudi, endelea mpaka mkiani. Yeye kisu chake kiko kushoto, mimi cha kwangu kulia, na kwa sababu tulitazamana, mkono wake na wangu ilikwenda upande mmoja, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Wengine wote waliojaribu kujifunza kwake wakiwa wamesimama ubavuni walishindwa. Mimi nilikuwa mbele yake. Nilimfuata pigo kwa pigo, na mnofu wa kumi na kitu ukatoka mzima, wenye kovu moja nililoliacha kwa kutii.

Siku hizi nafanya kazi nyingine, na nikipita Igogo naona ukuta umepakwa rangi mpya, lango limekuwa la vyuma. Watu wananiambia miaka ile ilikuwa migumu. Ilikuwa migumu. Lakini nayakumbuka maji ya barafu yakitiririka kwenye mabuti, redio ya supavaiza ikikoroma taarabu, na mapigo ya visu yakienda pamoja hadi unasahau kwamba una mkono wako peke yako. Ninapoyatamani najionea haya, kwa sababu ya jinsi nilivyofika pale.

Yule aliyekuwa amechukua ukingo wa meza alihama, aliolewa Magu. Supavaiza akapita asubuhi na kumwambia yule mama, kama vile ni neema yake, kwamba anaweza kurudi mahali pake. Akakusanya vitu vyake, kisu, kinoo, kitambaa. Akafika ukingoni, akaunyoosha mkono wa kushoto hewani, akaupima kama mtu anayejinyoosha baada ya safari. Alikata sangara mmoja pale, wa pili. Mbele yake, ng'ambo, alisimama msichana mgeni ambaye kila kisu kilipokuja alirudi nyuma.

Mimi niliendelea na wangu, macho chini. Nikasikia kinoo kikigongwa mezani mara mbili.

"Wewe," akasema. "Hamia huku. Huyu ananiogopa."

Nikachukua kisu changu nikahama.